Kompyuta Aliyoisalimia Mama

Clementina aliiona katika soko la Mwanga, kati ya feni na redio za mtumba, akaikumbatia mpaka gauni lake la njano likajaa vumbi. Kompyuta kubwa, nzito, nembo imebanduka. Baba yake alichorea ramani za ziwa kwenye mashine ya namna hiyo, kabla hajazama humo ziwani; mwili wake haukuonekana tena.

"Dada, hiyo huiwezi. Lete nikubebee." Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe, bisibisi mfukoni: Pastory, fundi wa mtaa wa Gungu.

"Unaijua? Huenda ni ya marehemu baba."

"Hii si ya kuchapia barua. Ni ya wachora ramani. Nipe muda nikutafutie ilikotoka."

Basi akapewa muda, wakapendana. Kila jioni Pastory alikuja nyumbani kwa kina Clementina, Kasingirima, akaifungua, akamfundisha Clementina kushika bisibisi. Akirudi kwake, anapiga simu.

"Umeshajua kama ni ya baba?"

"Bado, mpenzi. Kesho nikaangie dagaa, akili ifunguke."

"Mlafi wewe."

Mama Clementina, mgonjwa wa siku nyingi, hakungoja fundi. Hakuwa na kaburi la kufagia, sasa amepata mashine. Aliifunika kitenge chake kizuri, na kila asubuhi akaisalimu kwa Kiha, "Mwakeye, baba Clementina." Masika yalipoanza akafariki, akiamini ni ya mumewe.

Baada ya matanga Pastory alileta pete.

"Kwanza tuone ramani za baba," alisema Clementina, akaifungua kompyuta mwenyewe kwa bisibisi. Ndani ya kava palipigwa mhuri wa mwaka ilipotengenezwa. Mwaka huo baba yake alikuwa marehemu tayari.

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza nilipoifungua."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema, ningerudi hapa kwa sababu gani? Halafu mama akaanza kuisalimia. Nikashindwa."

Jamani, mapenzi gani haya ya kumwacha mama wa watu azungumze na chuma cha mtu mwingine? Clementina alilia.

"Nakupenda, Pastory, sikufichi. Lakini nikikutazama namwona mama."

Akamrudishia pete.

Kesho yake simu iliita.

"Nije?"

"Usije."

Hakuna aliyekata. Walisikilizana wakilia, mpaka salio la Pastory likaisha.