Alama ya Mkaa kwenye Yai

Asubuhi kwa Mama Pasi ilianza na mkaa. Aliwasha jiko, akasubiri makaa yashike moto vizuri, akayajaza ndani ya pasi ya chuma, kisha akaanza kunyoosha nguo za watu. Jina lake lilitoka hapo. Pasi ile ilikuwa ya marehemu mama yake. Meza ya kunyooshea, yenye mguu mmoja uliofungwa waya, ilikuwa ya mama yake pia. Hata kuku wa uani walikuwa wa mama yake. Tuseme, kuku mmoja, maana ndiye pekee aliyebaki.

Alikuwa kishingo, yaani kuku mwenye shingo isiyo na manyoya. Zamani ua mzima ulijaa vishingo. Walikuwa juu ya ukuta, chini ya beseni, hadi mlangoni. Kisha ugonjwa ukapita. Mwewe naye akachukua chake. Wengine walichinjwa wageni walipokuja, leo mmoja, mwezi ujao mwingine, na hakuna aliyekaa chini akafikiri kwamba wanaisha. Siku Mama Pasi alipotazama vizuri, alikuta amebaki tetea mmoja tu, naye umri umekwenda. Wenzake walikuwa jogoo na matetea wawili wekundu walionunuliwa baadaye.

Kila asubuhi kishingo alikuja kuparura mlango wa jiko, akidai makombo. Mama Pasi, akiwa bado kitandani, alisikia mparuro ule na kwa nukta moja nyumba ilikuwa kama zamani, mama yake ameshaamka, maji yako motoni. Kisha akakumbuka, akaamka mwenyewe.

Mumewe aliendesha mashine ya kusaga. Alirudi mweupe kwa unga hadi kwenye kope. Kabla ya kuingia ndani alisimama uani, akainama mbele ya kishingo na kusema, "Shikamoo, mama mkwe."

Kishingo alimtazama kwa jicho moja.

"Haitikii," alisema mume. "Vilevile kama marehemu. Naye alikaa mwaka mzima ndipo akaniitikia."

Mama Pasi alicheka, lakini moyoni hakucheka sana. Alijua kishingo akifa bila kuacha vifaranga, mbegu ya mama yake imekwisha. Huwezi kwenda sokoni ukasema nipe kuku wa mama yangu.

Kwa hiyo siku kishingo alipokataa kutoka kwenye kiota, Mama Pasi alifurahi mno. Kuku alikuwa amevimba manyoya, amejilaza chini, na ukimsogelea ananguruma. Anayejua kuku anajua maana yake. Kishingo alitaka kuatamia.

Kiota kilikuwa kapu la zamani kwenye kona ya jiko la nje. Mama Pasi aliyakumbuka yale aliyoyaona utotoni. Mama yake alichuchumaa mbele ya kapu, akachukua kipande cha mkaa uliozimika, akachora mviringo kwenye kila yai. Alichora polepole, huku akizungumza na kuku kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto. Mama Pasi alikuwa mdogo, amesimama mlangoni. Alipouliza alama ile ni ya nini, aliambiwa, "Wewe tazama tu." Akatazama. Na kwa akili yake ya kitoto aliamini alama ile ndiyo inayoligeuza yai kuwa kifaranga. Alikumbuka na jambo jingine tamu. Jioni nyingine mama yake alitoka jikoni kwa kuku na yai moja mkononi, akamkaangia yeye peke yake. Jioni nyingine halikuwapo yai. Hakujua kwa nini, na hakuuliza tena.

Basi akafanya kama mama yake. Kwanza aliyafuta mayai kwa kitambaa kibichi, maana mtu wa nguo safi hawezi kuvumilia uchafu. Kisha akayachora mviringo wa mkaa, yote. Kesho yake alikuta yai jipya kapuni. Akalifuta, akalichora. Keshokutwa akakuta mengine mawili. Akayachora. Kila siku kapu lilizidi kujaa, naye akazidi kufurahi. Aliwaambia majirani kwamba kishingo amepata ujana wake tena.

Binti yake alikuwa akiitwa Maswali, na jina hilo hakupewa bure. Alitaka kujua kuku anatagaje wakati ameshaanza kuatamia. Mama Pasi alimjibu kwa maneno aliyoyajua, yale yale: "Wewe tazama tu."

Wiki tatu zikapita. Vifaranga wawili wakaanguliwa. Mume aliwapokea kwa heshima, akawaita shemeji zake wadogo. Siku mbili baadaye kishingo aliinuka, akatoka na wanawe wawili uani kuwatafutia chakula. Mayai mengine yote yakabaki kapuni, yanapoa.

Mama Pasi alijaribu kumrudisha. Kuku alikataa kata kata. Akachukua kitambaa, akakipasha moto kwa pasi, akayafunika mayai. Kikipoa, akakipasha tena. Nguo za watu zililala siku ile. Jioni aliliweka yai sikioni, na la pili, na la tatu. Kimya.

Mabaya hayakuishia hapo. Kifaranga mmoja alinyakuliwa na mwewe mchana kweupe. Wa pili alitumbukia kwenye sufuria ya maji ya kunywa, akafa maji. Sufuria ilikuwa na kina, na kifaranga hana pa kukanyaga. Mfugaji mwenzangu unayesoma, chombo cha maji kiwe sahani ya kina kifupi, na ndani yake weka kokoto. Jambo dogo hivyo.

Siku iliyofuata Mama Pasi aliyatoa mayai nyuma ya nyumba akayavunja. Machache yalikuwa viza tupu, yananuka. Mengi yalikuwa na vifaranga ndani. Wengine wadogo kama kidole, wengine wamekamilika, wana mdomo, wana kucha. Mmoja alikuwa na shingo tupu. Mama Pasi aliketi chini pale pale, na harufu yote ile, akalia.

Ndipo akatokea Fundi Geti. Alikuwa jirani, rafiki wa mumewe, mchomeleaji wa milango ya chuma, na nyuma ya karakana yake alifuga kuku wengi kuliko mtu yeyote mtaani. Alikuja kuchukua shati lake la harusini.

"Shemeji," alisema, "shati langu limekufia?"

Alipoona machozi alichuchumaa. Aliyageuza maganda kwa kijiti, moja moja.

"Nani amechora mayai haya?"

"Mimi."

"Yote?"

"Yote. Kila nililolikuta jipya nililichora. Mama alichora hivyo hivyo."

Fundi alitaka kucheka, akajizuia. "Marehemu alichora siku moja tu, shemeji. Siku ya kwanza. Ile alama ni ya kumjua mgeni. Wewe kila mgeni aliyepita umempa kitambulisho."

Mama Pasi hakuelewa, naye akamweleza taratibu. Kishingo alipoanza kuatamia aliacha kutaga. Mayai mapya yalikuwa ya wale wekundu, waliojipenyeza kapuni kila alipotoka kula. Yai la leo na yai la wiki iliyopita hayawezi kuanguliwa siku moja. Na kuku hahesabu mayai. Akisikia vifaranga wanalia chini yake, anajua kazi imekwisha. Atakaa siku moja, mbili, kisha atainuka, maana walio hai wanataka kula. Waliobaki ndani ya ganda wanakufa kwa baridi. Tena mayai yakizidi, hayafunikiki. Yale ya kishingo mwenyewe yalisukumwa pembeni na ya wageni yakakaa katikati.

"Na hii rangi ya kung'aa?" aliuliza. "Uliyaosha?"

"Niliyafuta kwa kitambaa kibichi."

"Yai lina utando wake wa kuzuia uchafu usipenye. Ukiliosha, umelivua nguo. Wewe na ufundi wako wote wa nguo."

Mama Pasi alicheka huku machozi hayajakauka. Kisha akauliza lile lililomchoma. Je, kishingo ataatamia tena?

Fundi hakumdanganya. Alisema kuku ni mzee. Huenda akataga mara moja tena, huenda asitage. Akitaga, wasifanye mchezo.

Siku zile za kungoja zilikuwa ndefu. Mama Pasi alimlisha kishingo mtama na mabaki ya dagaa, akamtazama kama anayetazama mgonjwa. Alipokuwa akinyoosha nguo alimfikiria mama yake, na safari hii hakuikumbuka sura yake tu. Aliutazama mkono. Mkono ulichora, ndiyo. Lakini kila jioni uliingia tena kapuni, ukatafuta kitu. Ulikuwa ukitafuta nini?

Kishingo akataga. Safari hii Mama Pasi aliyatoa mayai yake siku ile ile, akabakiza yai moja la wekundu kapuni ili kuku asihame kiota. Aliyahifadhi ndani ya nyumba mahali penye ubaridi, ncha nyembamba ikitazama chini, akayageuza kidogo kila siku. Fundi alimwonya kwamba mayai ya kuatamiwa yasizidi siku kumi. Yenye ufa, na yale madogo kupita kiasi, yaende kikaangoni.

Kishingo alipoanza tena kuvimba na kunguruma, kapu lilikuwa tayari. Lilikuwa limeanikwa juani, likawekwa nyasi kavu mpya, na majivu kidogo chini yake kwa ajili ya utitiri, wale wadudu wanaomfanya kuku akimbie mayai yake. Matetea wekundu walipewa kapu lao upande wa pili. Giza lilipoanza kuingia na kuku ametulia, mayai yote yaliwekwa chini yake kwa mara moja. Yalikuwa saba. Yote ya kishingo.

Kabla ya kuyaweka, Mama Pasi alimwita Maswali. Akampa kipande cha mkaa.

"Chora," alimwambia. "Na nikwambie kwa nini."

Akamweleza yote. Maswali aliuliza, akauliza tena, na safari hii kila swali lilijibiwa.

Maji na chakula viliwekwa karibu. Mara moja kwa siku kishingo alitoka, akala, akaoga vumbi, akarudi. Siku ya kwanza Mama Pasi alimkimbilia amrudishe, na Fundi, aliyekuwa akipita, akamwambia amwache mwenzake aoge, hata yeye huoga. Baada ya wiki moja walifunga dirisha wakayamulika mayai kwa tochi. Yenye uhai yalionyesha mishipa myembamba kama nyuzi. Moja lilikuwa jeupe tupu, wakalitoa.

Jioni moja Mama Pasi aliingiza mkono kapuni, akakutana na yai lisilo na alama. Tetea mwekundu alikuwa amepita tena. Alilitoa, likiwa na joto bado kiganjani mwake, akasimama nalo mlangoni, pale pale alipokuwa akisimama alipokuwa mdogo. Ndipo akajua. Jioni zile za yai la kukaanga zilikuwa hizi. Mama yake hakumkaangia kwa bahati. Mkono uliingia kapuni, ukamtafuta mgeni, ukamtoa, na mgeni akaenda kwenye sahani ya mtoto. Miaka yote hiyo jibu lilikuwa tumboni mwake.

"Mama, unalia?" Maswali aliuliza.

"Moshi," alijibu, ingawa jiko lilikuwa halijawashwa. Kisha akaliwasha, akamkaangia Maswali lile yai, huku akimsimulia jioni zile za bibi yake.

Vifaranga walianza kupasua maganda asubuhi, mume akiwa bado hajaenda kazini. Mmoja alichelewa. Alitoboa tundu akatulia, na Mama Pasi mikono ikamwasha kutaka kumsaidia. Lakini alikuwa ameonywa: kifaranga anayevutwa kwa nguvu hutoka damu akafa. Akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo. Ilipofika jioni kifaranga alitoka mwenyewe, amelowa, amechoka, shingo yake tupu.

Sita walitoka. Watano walikuwa vishingo. Safari hii walikaa na mama yao ndani ya tenga lililofunikwa, mbali na mwewe, hadi walipopata nguvu. Maji yalikuwa kwenye sahani yenye kokoto. Bwana mifugo alipopita mtaani na chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku wa mtaa mzima kwa wiki moja, Mama Pasi alikuwa wa kwanza kutoka na tenga lake.

Kishingo mzee aliishi hadi wanawe wakaanza kutaga. Kisha asubuhi moja hakuja mlangoni. Mume alimzika nyuma ya nyumba, naye hakufanya utani siku ile. Lakini kesho yake, Mama Pasi akiwa bado kitandani, mlango wa jiko uliparurwa. Alikuwa mmoja wa mabinti wa kishingo.

Binti huyo ndiye aliyeatamia mwaka uliofuata. Maswali alichuchumaa mbele ya kapu na kipande cha mkaa, akachora polepole, akizungumza na kuku kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemfundisha ile sauti. Mama Pasi alisimama mlangoni, pasi inapoa mezani.

"Na ukikuta lisilo na alama?" aliuliza, ingawa alijua.

"La kukaanga," alisema Maswali bila kugeuka. "Na leo ni zamu yako, mama. Bibi alikuwa anakukaangia wewe."