Bawa Lililovishwa Bila Shahidi

Dum. Dum. Dum.

Nililisikia lile bawa kabla sijaliona. Mtu alikuwa akilipiga vidole nyuma ya mlango wa banda la ndege, kama anayejaribu ngoma mpya, na Lorna, mchumba wangu, alikuwa akicheka.

Nikausukuma mlango.

"Ezra! Njoo uone! Trent ananiachia ndege yake!"

Trent. Yule yule aliyemkimbia Lorna harusi ikiwa imekaribia. Alisimama kifua mbele kando ya ndege ya kujiundia aliyoiachia katikati. Injini haijafungwa, waya zinaning'inia, lakini mabawa tayari yamevishwa kitambaa na kupakwa rangi nyekundu ya kung'aa.

"Kazi ngumu imekwisha," alijitapa. "Kiangazi hiki anaruka."

"Nani alikagua ndani kabla hujafunika?" nikamuuliza.

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Kwani mimi kipofu?"

Hapa Palmer hata mjenzi mlevi hafuniki bawa kabla mwenzake hajaikagua mifupa yake. Unamwita jirani, unamchemshia kahawa, anachungulia kila kiungo, ndipo unavisha. Alaska hii hatutui kwenye lami. Lorna alitaka kutua kwenye changarawe za mto, kwa mama yake, huko juu kusikofika barabara. Bawa likikatika njiani, wa kumwokota ni dubu.

"Mpenzi, chukua ile ya marehemu mume wa Bi Opheim," nikasema.

Lorna akaangua kicheko. "Ile ya kwenye banda la kuku? Ezra, zile ni chaga za kitanda zilizonyewa na kuku!"

"Chaga zote unaziona. Hapa unaona nini zaidi ya rangi?"

"Wivu huo," Trent akachomekea.

"Wewe nyamaza, sijasema na wewe!"

"Ezra, basi!" Lorna akanigeukia, macho makali. "Kila anachogusa Trent kwako ni sumu. Mama yangu anazeeka kule. Ile ya kuku nitaimaliza lini? Nenda nyumbani."

Nikaenda. Jioni ujumbe ukaingia:

"Kesho naipakia kwenye trela. Kama huwezi kufurahi nami, usije. Na pete yako nitakurudishia."

Nikamjibu:

"Pete itupe mtoni ukitaka. Ila mwombe Trent jambo moja tu. Akuache ukate tundu la ukubwa wa kiganja upande wa chini wa bawa. Kitambaa huzibwa kwa kiraka. Mtu mkweli hatakataa."

Usiku ule nikatia betri mpya kwenye tochi yangu.

Asubuhi simu ikaita.

"Ezra." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Amekataa."

"Kasemaje?"

"Eti nitaharibu rangi. Rangi, Ezra! Mimi napanda humo na roho yangu, yeye analilia rangi!"

"Uko wapi?"

"Niko naye hapa, anasikia kila neno. Njoo na tochi. Kisu ninacho."

Nilipofika, Trent alikuwa amesimama mbele ya bawa, mikono ameitandaza.

"Lorna, acha utoto. Huniamini?"

"Niliwahi kukuamini. Hata gauni nilishona. Pisha!"

Akapisha. Kisu kikapasua kitambaa, kraa! Lorna akamulika, akachungulia. Kisha akanipa tochi.

Mhimili mkuu, ule unaobeba bawa zima, ulikuwa umepinda karibu na kiungo. Juu ya pale palipopinda, mtu alikuwa amepaka rangi.

"Lilianguka kutoka kwenye trela," Trent alinong'ona. "Kidogo tu. Lingehimili..."

"Lingemhimili nani?" Lorna alimsogelea. "Ulijua. Na bado ukanitazama usoni, ukanipigia ngoma?"

Ngumi yangu ilikwisha kukunjwa. Lorna akanishika mkono.

"Usimguse. Waite wajenzi wote wa uwanja huu wa ndege. Waje wachungulie hili tundu mmoja mmoja, na yeye asimame hapa hapa."

Wakaja. Hakuna aliyemtukana. Kila mmoja alichungulia, akamtazama Trent, akaondoka bila kumpa mkono. Mpaka wanamalizika, jitu lile lililojaa maringo lilikuwa linatazama viatu vyake.

Mchana tulikuwa kwa Bi Opheim, tunafukuza kuku.

"Marehemu aliyaacha mabawa wazi, akingoja mtu wa kuyakagua," alisema yule mjane. "Na hao kuku mtanisamehe."

Lorna akaingiza kichwa katikati ya mifupa ya bawa, akapapasa kiungo kimoja kimoja. Alipotoka, utando wa buibui ulikuwa nyweleni. Pete ilikuwa bado kidoleni, imepakaa kinyesi cha kuku.

"Ndiyo hii," akasema. Kisha akainamisha macho. "Nilikwambia kwako kila anachogusa Trent ni sumu. Bado umekasirika?"

"Sana! Na kesho nitaamka nimekasirika."

"Na kesho kutwa?"

"Kesho kutwa tunaanza kuiunda." Nikamshika mkono ule mchafu, nikapaza sauti hadi kuku wakaruka. "Lorna, nakuahidi mbele ya Bi Opheim: sitafunika kitu, kwenye ndege hii wala ndani ya nyumba yetu, kabla wewe hujakichungulia!"