Pumzi Ndani ya Gari la Marehemu

Jumanne, tarehe tisa, saa nane na dakika ishirini mchana, gari la marehemu lilianza kupumua.

Mshonaji anaikumbuka saa hiyo kwa sababu alikuwa ametoka kuitazama kwenye dashibodi. Alikuwa anamrudisha mama mkwe wake kutoka zahanati, alikokwenda kufungwa kidonda cha mguu. Jua lilikuwa kali na vioo vyote vinne vilikuwa chini. Akiwa amesimama kwenye makutano akisubiri lori lipite, alihisi kitu cha moto kinamgusa goti. Akadhani ni jua. Kisha kikampanda kifuani, kikamfika usoni, nacho kilikuwa na unyevu.

Ilikuwa hewa, na ilitoka kwenye matundu ya hita. Hita yenyewe haikuwa imewashwa. Kijiti chake kilikuwa kimesukumwa mpaka mwisho upande wa baridi, na feni ilikuwa imezimwa. Gari lilikuwa kuukuu, na magari makuukuu yana vituko vyake, hilo alilijua. Lakini harufu ile hakuijua. Ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu aliyelala mdomo wazi siku nyingi: jino bovu, maziwa yaliyochacha, na chini yake kabisa mafuta ya nyama yaliyoganda kwenye sufuria isiyooshwa.

"Mama, umesikia harufu hiyo?"

Mama mkwe alikuwa ameinamia tundu la upande wake, midomo inamchezacheza kama mtu anayesoma kimoyomoyo.

"Pandisha vioo, mwanangu," alisema. "Upepo wa nje unanichoma."

Joto kama lile, na mtu anaomba vioo vipandishwe.

Mumewe mshonaji alikuwa amefariki miezi saba kabla, kwa ugonjwa wa siku nne. Gari lilikuwa lake la kazi, la kusambazia mikate. Eda yote lilikaa uani, vioo juu, milango imefungwa, wala paka hakulala chini yake. Eda ilipokwisha, mshonaji alilitia betri mpya, akajizoeza tena kuendesha, kwa kuwa kidonda cha mama mkwe kilitaka kufungwa kila wiki na hapakuwa na mwingine wa kumpeleka. Yule bibi alizaa mtoto mmoja tu, naye alikuwa kaburini. Walibaki wanawake wawili katika nyumba moja, kila mmoja akimlinda mwenzake asilie peke yake.

Jioni ile mshonaji alipojifuta uso, kitambaa kilitoka na utando wa manjano, unanata kama ngozi ya uji uliopoa. Akanawa kwa sabuni mara tatu.

Kesho yake alilipeleka gari kwa fundi. Fundi huyo walishazoea kumwita Kiberiti, kwa kuwa njiti haikumtoka mdomoni hata akiongea na wakwe zake.

"Dada yangu, hilo jambo dogo," alisema, kichwa kikiwa ndani ya boneti. "Hita ni kitu gani? Ni rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi. Maji ya moto ya injini yanapita mle, hewa nayo inapata joto. Kuna koki ya kuyazuia maji. Koki yako imekufa, Mungu airehemu."

"Usilifanyie mzaha neno hilo."

"Samahani, dada. Imeharibika." Akamwonyesha mipira miwili. "Huu unapeleka, huu unarudisha. Naitoa yote kwenye hita, naiunganisha yenyewe kwa yenyewe. Maji yatazunguka hukuhuku kwenye injini. Hita ikiwa kavu, joto italitoa wapi?"

"Na harufu?"

"Panya. Wewe ulikaa eda, panya hawakai eda. Wameingia, wameoana, wamezaa, wamekufa."

Mshonaji alicheka. Hakuwa amecheka kwa muda mrefu, mpaka mashavu yakamshangaa.

Alhamisi asubuhi alirudi. Kiberiti akawasha injini, akashika mipira aliyoiunganisha, akashika na midomo ya hita iliyobaki wazi. Ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Akaingia ndani, akaweka kiganja mbele ya tundu. Hewa ilitoka ya moto, ikakilowesha. Akazima injini. Hewa ikaendelea kutoka.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana. Hili haliwezekani, dada. Nimulikie."

Akalala chali chini ya dashibodi, akafungua kifuniko cha hita kwa bisibisi, ili akifikie kile kibao kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Njia hiyo huwa ya plastiki nyeusi, kavu, yenye vumbi. Mshonaji alipoimulika kwa simu haikuwa hivyo. Ilikuwa nyekundu iliyopauka, ina makunyanzi, inang'aa, imelowa kama ndani ya shavu la mtu, na humo zilikuwa zimeota nywele nyeupe, ndefu, zimelala upande mmoja, na hewa ilipotoka zilisimama, ilipovutwa ndani zikalala, zikasimama tena, zikalala, na tone zito la manjano likajikusanya taratibu kwenye ncha ya unywele mmoja, likarefuka, likakataa kukatika, kisha likamdondokea Kiberiti mdomoni, pale pale njiti ilipokuwa.

Fundi alitapika mpaka akabaki anatapika sauti tupu. Aliposukutua mara ya nne, alifanya alichoweza: alishindilia sifongo kwenye matundu yote, akabandika juu yake mkanda mpana wa plastiki, tabaka nne. Wakasimama wakitazama. Mkanda ulitulia kidogo. Kisha ukavimba. Kisha ukabonyea. Ukavimba tena.

"Magari nayajua," Kiberiti alinong'ona. "Hilo si gari. Tafuta watu wa dua, dada. Mimi na spana zangu tumefika mwisho."

Ijumaa mchana mshonaji alitoka kwenye cherehani akamkosa mama mkwe chumbani. Akamtafuta jikoni, akamtafuta bafuni. Akatoka uani.

Gari lilikuwa limezimwa, ufunguo uko mfukoni mwake, lakini vioo vilikuwa vimefunga ukungu. Alipofungua mlango, uvundo ulitoka ndani kwa kishindo, ukamjaa puani na kooni hata akaisikia ladha yake. Mama mkwe alikuwa ameubandua mkanda kwa kucha. Sifongo zilikuwa miguuni pake, zimelowa, zimevimba kama mapafu ya mbuzi. Alikuwa ameegemeza uso kwenye tundu, mdomo wazi, kama kinda linalolishwa, na kidevu chake kilikuwa kinachuruzika.

"Mama! Unafanya nini humo?"

"Shh. Sema polepole. Ametulia."

"Nani?"

"Mwanangu. Kuna nani mwingine mwenye gari hili?"

"Mama, mwanao ni marehemu."

"Usimwite hivyo." Bibi aligeuka. Ulimi wake ulikuwa umeota utando mweupe, na kwenye utando ule kulikuwa na vinyweleo. "Mna haraka sana ya kumwita mtu marehemu. Unamleta fundi anamshindilia masponji. Mke gani anayemziba mumewe pumzi?"

Neno lile lilimchoma mshonaji mpaka ndani. Kwa sababu hata yeye, kwa dakika moja tu, alikuwa ametamani iwe kweli. Lakini alipomsaidia mama mkwe kushuka, pumzi ya bibi ilimpiga usoni, na ilikuwa harufu ile ile ya hita. Bandeji ya mguu ilikuwa imelowa manjano. Siku ya tatu hiyo alikuwa hajala kitu. Alisema vyakula vinanuka. Jambo lililomtisha mshonaji zaidi ni kwamba baada ya sala bibi aliinuka bila kumwombea mwanawe.

"Nimwombee nini," alisema, "naye yuko hapa?"

Basi mshonaji akaona waziwazi: akimwachia siku chache, atampoteza mama, na mumewe atabaki kaburini bila dua ya mzazi wake.

Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, alimleta mzee aliyemwosha mumewe. Alikuja na birika la maji na sauti yake ya chini, iliyozoea kuongea mbele ya wafiwa. Bibi alikuwa amerudi garini, akakataa kutoka. Mzee hakumlazimisha, aliingia akakaa kiti cha dereva, mshonaji akakaa nyuma.

Mzee alianza kusoma. Mwanzo hakukuwa na lolote, kisha viti vikaanza kuwa vuguvugu, kisha dari ikatoa jasho, na kila aya aliyoisoma ilifuatwa na pumzi ndefu kutoka matunduni, nzito, yenye makohozi, iliyowapaka nyuso zao ute wa moto na kuwabandikia nguo mgongoni, na mshonaji aliziba pua kwa mtandio lakini harufu ikapita kwenye mtandio, ikapita kwenye meno aliyoyauma, ikamshukia tumboni na kukaa humo kama tonge lililooza, na chini ya usomaji wa mzee akasikia kitu kikimeza mate.

Mzee akaacha kusoma. Akajifuta uso kwa kiganja, akakitazama kiganja.

"Bibi," alisema taratibu, "mimi ndiye niliyemwosha mwanao. Kwa mikono hii. Nilimwosha mara tatu, ya mwisho kwa kafuri. Aliondoka safi kuliko mimi na wewe. Hiki kinachonuka hapa hakikupita mikononi mwangu."

"Ulimwosha, akarudi."

"Alirudije?"

"Jumanne, tunatoka zahanati. Huyu alikuwa anaangalia lori. Nikasikia sauti ya mwanangu hapa tunduni: hodi. Nikasema, ni masikio yangu. Mara ya pili: hodi. Mara ya tatu nikamjibu, karibu mwanangu, karibu ndani. Ningemwacha mlangoni?"

Mzee alifumba macho. "Basi ni mgeni wako. Siwezi kumtoa mgeni wa mwenzangu. Aliyemkaribisha ndiye wa kumtoa."

"Simtoi."

Pumzi ikaja, ikaenda. Na mshonaji, huko nyuma, akauondoa mtandio puani.

"Mama. Alipiga hodi?"

"Nimekwambia, mara tatu."

"Nimekaa nyumbani kwako miaka kumi na moja. Lini ulimsikia mwanao akikupigia hodi?"

Bibi akaubandua uso wake kwenye tundu.

"Alikuwa anaingia tu," alisema, sauti imepungua. "Na viatu vyake. Namgombeza kila siku. Hata sijui kama amefika, nasikia mfuniko wa sufuria unalia."

"Hodi, Mama," ilisema hita. Ilikuwa sauti ya marehemu kabisa, tamu, ya moto, yenye mate. "Hodi."

Bibi alilitazama tundu kama mwanamke aliyeamka akakuta mkono wa mtu asiyemjua juu ya mwili wake. Alijipangusa midomo kwa kiganja, kisha kwa kanga, kisha akaukwangua ulimi kwa kucha, akatema chini.

"Sikukuzaa," alisema. "Mwanangu hapigi hodi kwangu. Nilikukaribisha kwa kukosea, na karibu yangu naichukua. Toka. Toka kwa jina la Mola wangu na wako."

Gari zima lilijikunja kama koo. Matundu yote yalitapika kwa pamoja: nywele zilizosokotana, mafuta ya manjano, vitu vidogo vigumu vilivyogonga vioo na ambavyo mshonaji hakutaka kujua kama vilikuwa meno, na sauti ya mumewe ikiita mama, mama, mama, ikizidi kuwa nene, mpaka ikawa si sauti ya mtu tena, ikapita katikati yao ikatoka mlangoni. Kisha hewa ikawa hewa. Ikawa baridi.

Walishuka. Mzee akawamiminia maji ya birika, nao wakanawa mikono, nyuso, wakasukutua, wakatema, wakasukutua tena. Bibi alikaa kwenye ngazi ya jikoni, mguu umenyooka, analia bila sauti.

"Siku nne," alisema. "Siku nne nimemnyima dua marehemu mwanangu, nikampa yule."

Mshonaji akakaa kando yake, akamshika mkono. Mzee aliinua viganja, nao wakainua, na bibi ndiye aliyeomba:

"Ee Mola, msamehe mwanangu na umrehemu. Alale salama, asiitwe na mtu ila Wewe. Mpanulie kaburi lake na ulitie nuru. Mwoshe makosa yake kwa maji, na theluji, na barafu, kama nguo nyeupe inavyotakaswa uchafu. Na joto, ya Rabbi, joto lisimfikie. Amina."