Refa Aliyeikatalia Nguzo

Mtaani walimwita Refa. Alikuwa amechezesha mpira miaka mingi, na ingawa yeye alistaafu, filimbi yake haikustaafu. Watoto wakigombana, filimbi. Chai ikichelewa, filimbi.

"Hiyo filimbi nitakuja kuitumbukiza chooni," mkewe alimtania.

Mkewe alikuwa na mashine ya umeme ya kutotolesha vifaranga. Umeme ulikatika ovyo mtaani. Ukikatika, wawili hao waliifunika mashine mablanketi, wakaizungushia chupa za maji ya moto. Haikusaidia. Mara ya mwisho mayai yote yalikuwa viza, na mkewe alilia.

"Yakiharibika na haya niliyoweka sasa," alisema, "mashine naiuza."

Asubuhi moja mafundi walikuja kusimika nguzo pembeni ya uwanja wa nyumba yao.

"Ni laini mpya, mzee. Umeme utatoka nchi jirani."

Refa akapuliza filimbi. "Wee! Hapa hapachimbwi! Jirani akinuna, si atatuzimia? Nani atamkamata huko ng'ambo ya mpaka?"

Mafundi wakafungasha vyao, wakaondoka.

Jioni akaja mpwa wake, binti wa dada yake. Alifanya kazi kwa mdhibiti wa umeme, ofisi inayosimamia kampuni zote za umeme.

"Mjomba, nasikia umeipa nguzo kadi nyekundu."

"Na ikirudi nitaipa nyingine."

"Ulipochezesha mechi yetu na majirani wa ng'ambo, mlifuata sheria za nani?"

"Swali gani hilo? Sheria ni moja kwa wote."

"Na wao wakicheza rafu?"

"Nawaadhibu! Mimi sijali jezi."

"Basi, mdhibiti ndiye refa wa umeme. Zamani kila nchi ilikuwa na sheria zake. Sasa wadhibiti wamekaa pamoja, wakakubaliana sheria moja. Kampuni za nchi zote zinashindana kutuuzia umeme. Kampuni ikikata umeme bila taarifa, unalalamika kwanza kwa kampuni yenyewe. Isipokusikiliza, njoo kwetu. Kama kosa ni la ng'ambo, mdhibiti mwenzetu wa kule ataibana kampuni hiyo."

"Kwa hiyo hautakatika tena?"

"Sikudanganyi, mjomba, utakatika. Lakini laini zikiwa mbili, moja ikizimwa, nyingine inashika."

Mkewe alikuwa akigeuza mayai taratibu. "Mume wangu, nakupenda na ubishi wako," alisema. "Lakini mayai haya hayawezi kungoja ubishi uishe."

Refa akainamisha kichwa. Alimpenda sana mwanamke yule.

"Hata refa hukosea," alisema. "Mwanangu, waambie mafundi warudi."

Nguzo ikasimikwa. Siku chache baadaye kampuni ilituma taarifa kwa simu: kesho laini ya zamani itazimwa kwa matengenezo. Kesho yake taa zilizimika kidogo, zikawaka tena. Mablanketi yalibaki kitandani.

"Njoo usikie!" mkewe aliita.

Ndani ya mashine vifaranga walikuwa wakigonga maganda. Pi, pi, pi. Refa akatoa filimbi, akaifikisha mdomoni, kisha akairudisha mfukoni.

"Hupulizi leo?"

"Aa, watashtuka," alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Ndio kwanza wanaingia uwanjani."