Niitikie

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Wanafunzi walikuwa wamejipanga mbele ya dirisha la usajili wakitaniana, na karani, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alikuwa akiwahudumia huku kikombe chake cha chai kikipoa. Ilipofika zamu ya Profesa, karani aliitazama kompyuta, kisha akasogeza uso karibu na tundu la kioo ili wa nyuma wasisikie.

"Mwanangu, mwaka wa tatu haufunguki. Umeanguka masomo mawili, na bila hayo huruhusiwi kuchukua mengine. Unaweza kuyarudia hayo tu mwaka huu. Au uhamie masomo ya jioni. Au uahirishe mwaka mzima. Chagua moja leo, maana tukifunga dirisha hujasema kitu, tunahesabu umejiondoa mwenyewe."

"Nitarudi baadaye, mama."

"Baadaye iwe leo, mwanangu."

Profesa lilikuwa jina la nyumbani. Alibandikwa na mama yake, fundi cherehani, tangu akiwa mtoto mjuaji wa kusahihisha watu wazima. Hakuna mteja aliyepimwa kiuno na mama yule asiambiwe kwamba binti anaingia mwaka wa mwisho. Sasa mtu kama huyo utamwambiaje kwamba umeanguka? Unamwambia hivyo hivyo: mama, nimeanguka. Maneno mawili, basi. Lakini simu ya mama ilipoita pale kwenye korido, Profesa aliona aibu.

"Umeshajisajili, Profesa wangu?"

"Nimeshajisajili, mama."

"Nilijua tu! Ngoja nimtambie shangazi yako huyu hapa, maana ananitazama kwa jicho la pembeni."

Ulikuwa uongo, tena wa kijinga. Na badala ya kurudi dirishani akamalize usajili, Profesa akaelekea kwenye kipindi cha mwaka wa tatu.

Mwalimu wa kipindi kile hakuamini sahihi za mahudhurio. Aliita majina kwa sauti, nawe ujibu "Nipo." Kwa kuwa usajili haukuwa umefungwa, alikuwa bado anawaita wote wa mwaka uliopita. Wanafunzi nao walikuwa na ujanja wao. Asiyetaka kuingia humwambia mwenzake, "Niitikie," na mwenzake huitikia mara mbili, kwa sauti mbili. Mchezo wa kila siku.

Alipofika mlangoni, akasimama. Angekaaje kati ya watu waliofaulu? Akachungulia kwenye kioo cha mlango. Mstari wa nyuma kabisa alikaa mtu amejitanda kitambaa cha kijani, kama cha rafiki yake wanayelala naye chumba kimoja. Kampa mgongo.

Profesa akasogeza midomo kwenye upenyo wa mlango.

"Shoga. Niitikie."

Kichwa kiliinama mara moja kukubali. Hakikugeuka.

"Unaongea na nani wewe?"

Profesa aliruka. Rafiki yake alikuwa nyuma yake, kitambaa chake cha kijani kichwani, akicheka.

"Wenzako huchanganyikiwa kwenye mtihani, wewe umeanza na kipindi cha kwanza! Ukumbi umefungwa. Mlinzi ndiyo kwanza analeta ufunguo."

Profesa akachungulia tena. Viti vitupu.

Wakaingia pamoja, wakakaa katikati. Majina yakaanza. Likafika lake. Akafungua mdomo, sauti isitoke.

"Nipo."

Ilitoka nyuma. Sauti yake mwenyewe. Ile ile ya puani kidogo.

Akageuka. Mstari wa nyuma haukuwa na mtu. Kiti kimoja kilikuwa kinanesa.

Mwalimu alitazama kule kule, akaridhika. Kisha macho yake yakatua kwa Profesa.

"Na wewe binti ni nani?"

"Ni mimi, mwalimu. Huyo uliyemwita ni mimi."

Darasa zima likaangua kicheko. Profesa akamshika rafiki yake mkono. Rafiki akauchomoa wake taratibu, kwa adabu.

"Samahani, dada," alinong'ona. "Tunafahamiana?"

Profesa alikimbia hadi dirisha la usajili. Machozi yalimtoka, kamasi zikamtoka, hakujali tena nani anamtazama.

"Nimechagua, mama! Nitayarudia yale mawili."

"Jina lako nani?"

Akalitaja. Karani akakunja uso.

"Huyo ameshakuja. Binti muungwana sana. Kasema wazi kwamba ameanguka, kachagua kurudia, kaondoka." Akamtazama vizuri kupitia kioo. "Mnafanana. Ni ndugu yako?"

Simu ya mama iliita muda mrefu. Ilipopokewa, Profesa hakungoja salamu.

"Mama, nilikudanganya. Nimeanguka. Naona aibu, mama, nisamehe."

Upande wa pili cherehani ilikuwa inalia. Ikanyamaza.

"Profesa ameshaniambia," mama alinong'ona. "Kalia, nikalia naye, nimemsamehe. Yuko hapa ananishonea vifungo."

"Mama, huyo si mimi!"

"Alisema utapiga." Sauti ya mama ilitetemeka. "Alisema utakuja na sauti yake. Kaniomba nisikuitikie."

Simu ikakatwa.

Majirani wa fundi cherehani watakwambia binti yule aliyarudia masomo, akahitimu, na sasa anaishi na mama yake vizuri. Hana makuu. Hasemi uongo hata wa kumfurahisha mtu. Ila mlango wa nyuma wa nyumba ile umechubuka rangi mahali pamoja, upande wa nje, usawa wa ngumi ya mtu anayebisha hodi. Mama ameshapaka rangi mpya mara kadhaa.

Haikai.