Mpangaji Kwenye Gego

Theodosia alikuwa akipepeta maharage uani kwake Nyakitonto, shavu limevimba, akajisemea kama alivyojisemea tangu msimu uliopita, "Kesho naenda kwa daktari wa meno." Ndani ya gego lake bovu sauti nyembamba ikajibu, "Huendi."

Aliweka ungo chini, akageuka nyuma. Hapakuwa na mtu, ila harufu ya nywele zilizoungua, nayo ilitoka kinywani mwake mwenyewe.

Daktari wa meno anaogopwa na kila mtu, tusidanganyane. Lakini woga wa Theodosia ulikuwa unasema. Kila alipojifunga kitenge cha safari, kile kitu kilimsimulia sindano, koleo na damu, mpaka akarudi kukaa. Majirani wakamfukiza moshi wa mbegu za ndulele ili wadudu wa jino watoke, kikacheka. Akawa hali wala halali, hana hata nguvu ya kumsuka binti yake Aline. Mumewe, Reverien, alimnywesha uji mwepesi kijiko kwa kijiko, akijua kwamba mkewe anakufa.

"Baba Aline," alinong'ona asubuhi moja, "nimechoka hata kuogopa. Nipeleke leo, kabla sijapata nguvu za kukataa."

"Ego," Reverien alikubali. "Twende."

Kasulu mjini walimkuta Daktari Ghati, mwanamke mpole aliyehamishwa kutoka Mara. "Mama, ukisikia maumivu inua mkono, nitaacha," alisema. Theodosia akafumbua kinywa. Ajabu, moyo wake ulikuwa umetulia. Kilichotetemeka ni gego. Sindano ilipoingia, kile kitu kikaanza kulia, kikamsihi kwa jina lake la utotoni, kikaapa kwamba kitanyamaza, kitakaa bila kumuuma, na koleo lilipokibana kikapiga yowe lililomjaa kichwa kizima hadi machozi yakamtiririka, ingawa hakusikia maumivu yoyote. Mkono hakuuinua. Kisha kukawa kimya.

"Jino tuachieni," Ghati alisema, "sisi tunayachoma."

Reverien akatikisa kichwa. Kwao kitu cha mwili hakiachwi mikononi mwa wageni. Mchawi akikipata, amekupata wewe. "Samahani, dada daktari. La kwetu tunaondoka nalo." Akalifunga kwenye leso. Theodosia alikuwa na pamba mdomoni, na usingizi wa miezi ulikuwa umemlemea.

Jioni Reverien akalirusha juu ya bati, pasipofika mkono wa mtu. Walilisikia likigonga, likabingirika kushuka, likasita ukingoni, kisha likaanza kupanda, taratibu, likapita juu ya sebule, likapita juu ya chumba chao, likaenda kusimama juu ya chumba cha Aline, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikajaa nyumba nzima.

"Panya huyo," Reverien alisema kwa sauti ndogo, bila kumtazama mkewe.

Theodosia alijikokota mpaka kwenye kitanda cha mtoto.

"Mama," Aline alinong'ona, "usinipeleke kwa daktari."

"Nani kakwambia nakupeleka, mwanangu?"

Mtoto alifumba kinywa, akashika shavu. Theodosia akauondoa ule mkono mdogo, akainamisha sikio lake pale. Ndani kilikuwa kinahema, kimechoka kama yeye, kikijitafutia mkao mzuri.