Lori la Hilda

Gari moshi lilikuwa ndiyo kwanza limesimama Kilosa, abiria wakigombea milango na wauza miwa wakipiga kelele madirishani, gunia la vitunguu lilipopasuka katikati ya stesheni. Beda, karani wa mizigo, akatupa kalamu na kuanza kuvikimbiza kama anayefukuza vifaranga.

"Taratibu, kaka! Utavunjika mguu kwa vitunguu vya watu!"

Aliinua macho. Mbele yake alisimama mwanamke aliyevaa gauni la kitenge cha njano na raba nyeupe, ufunguo wa gari ukining'inia kidoleni. Huyo ndiye Hildegarda wa Vidunda. Biashara ilipoachiwa huru alianza na debe la vitunguu vya Malolo. Sasa alikuwa na lori lake pale Mikumi.

"Mwenye vitunguu atanilipa nini?" Beda aliuliza.

"Soda moja. Usiponiita mama, mbili."

Soda zikazaa mazoea, mazoea yakazaa simu za kila jioni.

"Halo, stesheni? Nimepoteza mzigo wangu hapo. Mrefu, mweusi, ana mwanya."

"Haujapotea, mpenzi. Unangoja mwenyewe aje auchukue."

Kisha watu wakapunguzwa kazini, Beda akiwemo. Alikwenda Mikumi kumweleza Hilda. Akiwa anamngoja mgahawani, akasikia madereva wawili wakicheka: "Mama Lori kapata kijana wa kulea." Maneno yakamchoma. Akarudi Kilosa bila kumwona.

Hilda alimfuata hadi nyumbani.

"Una mwanamke mwingine, Beda?"

"Sina. Hata kazi sina. Nitakuoa kwa kitu gani?"

"Nilikuuliza kazi?"

"Watu watasema umeninunua."

Macho ya Hilda yakalengwa na machozi. "Basi kaa na hao watu wako," akasema, akaondoka.

Masika yale Mto Mkondoa ulivunja kingo zake asubuhi moja, maji yakaingia majumbani. Beda alikuwa amembeba jirani yake kikongwe mgongoni aliposikia honi. Lori la Hilda, lililojaa vitunguu vya kupeleka stesheni visafirishwe Dar, lilikuwa limesimama njiani. Mwenyewe alikuwa juu, gauni amelifunga kiunoni, akisukumia magunia matopeni.

"Mama, tutafilisika!" dereva wake, Makarius, alimlilia.

"Vitunguu huoteshwa, Makarius. Watu je? Shusha!" Kisha akamwona Beda. "Na wewe unashangaa nini? Pandisha wazee!"

Mchana kutwa lori lilipanda na kushuka, likiwapeleka watu shuleni mlimani. Beda alikuwa amezoea kuuona utajiri kama kiti kirefu anachokalia mtu mmoja. Siku ile aliuona ukibeba wagonjwa, wajawazito, hata mbuzi wa watu, na mwenye utajiri akisukuma gari tope likimrukia usoni. Hakuwa amewahi kumwona Hilda mrembo kama siku ile.

Maji yalipotulia walikaa kwenye ngazi za shule.

"Mzigo wote umekwenda," Hilda alisema. "Huenda nikaanza tena na debe. Sasa watu hawatasema nimekununua. Bado unanitaka?"

"Nilikutaka jana, na leo nakutaka, Hilda. Woga ndio ulionikimbiza. Nisamehe. Nioe… yaani, nikuoe."

Hilda akacheka mpaka akashika mbavu. "Jumapili njoo Vidunda, umwamkie baba."

"Akiniuliza nina nini?"

"Mwambie una mikono miwili. Mimi nimeiona ikifanya kazi."

Akaegemeza kichwa begani pake, wakawasikiliza watu wakiitana majina ndani ya madarasa, kila aliyeitwa akiitika.